Waliosoma Nje ya Ukuta

Kijijini kwetu Dwenase hakuna aliyemwita Fofie mama wa mtu. Wanawake wa rika lake waliitwa kwa majina ya watoto wao, mama fulani na mama fulani, lakini yeye alibaki Fofie tu, kama msichana asiyeolewa. Mume alikuwa naye, mkulima mpole wa kakao asiyependa maneno mengi. Na binti alikuwa naye, wa umri wangu, aliyekula kwake, akalala kwake, na kufanana naye mpaka vidole vya miguu.

Binti huyo aliitwa Sumina, maana yake jalala. Waliomtangulia wote walikufa kabla ya siku ya kupewa jina, na kwetu mtoto anayekuja nyuma ya hao hapokewi kwa furaha. Ukimfurahia, wenzake watamtambua na kumwita arudi. Basi siku aliyozaliwa alitiwa kwenye kikapu kilichotoboka, akapelekwa jalalani, jirani mmoja akajifanya amemwokota, na Fofie akamnunua kwa jirani yule kwa kauri. Akachanjwa chale mashavuni kama mtu aliyeletwa kutoka mbali. Nywele zake hazikunyolewa, zikasokotwa na kutungwa kauri, akawa akitembea unasikia kachakacha. Nasi wengine, wakubwa kwa wadogo, tukapewa kazi ya kumtukana.

Msione ni ukatili. Ndiyo ilikuwa salamu ya nyumba ile kila asubuhi, na aliyepita bila kutukana ndiye aliyetiliwa shaka.

"Fofie! Lile takataka lako bado lipo?"

"Lipo, dada yangu. Jana nimelitupa, mbwa wakanirudishia."

"Mbwa wana akili. Wanajua lisilolika."

Na Sumina mwenyewe, anaosha sufuria pale uani, angedakia: "Leo mmesahau kuisema harufu yangu! Au mna mafua?" Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Sumina alimwita mama yake "bibi mwenye nyumba." Sikumsikia hata mara moja akimwita mama.

Shule yetu ilijengwa kando ya jalala hilohilo, baada ya taka kuhamishiwa upande wa pili wa kijiji. Hakuna aliyetaka kulima pale. Palikuwa ndipo walipozikwa wachanga wasiofikisha siku nane, kila mmoja ndani ya chungu, bila kilio wala matanga, kwa sababu mtoto wa siku chache kwetu bado ni mgeni, na mgeni akiondoka haliliwi. Wazee walipoulizwa kama wale wadogo hawatasumbuliwa na kelele za shule, walisema, aa, wale hata kulia hawakujua vizuri. Basi ukuta wa udongo ukasimamishwa, paa likaezekwa bati, na upande wa jalala yakatobolewa madirisha yasiyo na vibao. Mimi nilikaa dirishani.

Mwalimu wetu, Bwana Ashong, alitoka pwani, Accra. Kaptula yake ilipigwa pasi ikasimama kama kadibodi, soksi zilifika magotini, na kila siku alilalamika kwamba fufu yetu inamlalia tumboni. Lakini kufundisha alijua. Mwaka ule, mwaka wa upepo mkavu ulioleta vumbi jingi kuliko kawaida, alitufundisha Kiingereza cha mambo yanayotendwa.

Lugha yetu haina namna hiyo. Kwetu mtendaji lazima atangulie: chui alimla mbuzi, wao walinizaa. Kiingereza kinamweka mbele aliyetendwa, kisha mtendaji anafuata nyuma, na pengine haji kabisa. Na mwishoni kuna vijineno, kila kimoja na kazi yake, na hivyo ndivyo vilivyotutoa jasho. Kimoja ni cha aliyetenda, kingine cha kifaa alichotumia, kingine cha mahali, kingine cha kule kitu kilikotoka. Ukivichanganya unachapwa. Mwalimu akatupa ishara za mikono ili tuvishike: kidole mbele kwa aliyetenda, ngumi kwa kifaa, viganja kuangalia chini kwa mahali, mkono kuvutwa kifuani kwa kulikotoka kitu.

"Mbuzi aliliwa!" anapaza mwalimu.

"Na chui!" vidole mbele.

"Mlango ulifungwa!"

"Kwa kamba!" ngumi juu.

"Maji yaliletwa!"

"Kutoka mtoni!" mikono vifuani.

"Mtungi uliwekwa!"

"Chini!" viganja vyote pamoja, na vumbi likatimka mezani.

Tulipomaliza, upande wa jalala ulirudia. Chui. Kamba. Mtoni. Chini.

"Ni mwangwi," alisema mwalimu. "Sauti inakwenda kupiga ile mikakao, inarudi. Mtajifunza darasa la juu."

Tuliukubali mwangwi. Lakini mimi niliyekaa dirishani nilisikia kwamba haukuja kutoka kwenye mikakao. Ulitoka chini, karibu na msingi wa ukuta, na ulikuwa na kitembe, kama wa mtu asiye na meno. Na siku moja darasa zima tulikosea. Mwalimu aliuliza mlango ulifungwa kwa kitu gani, nasi sote tukapaza kijineno cha aliyetenda, kana kwamba kamba ilisimama yenyewe ikafunga mlango. Mwalimu akanyanyua fimbo. Mwangwi ukarudi na kijineno sahihi. Aliishusha ile fimbo polepole, akaangalia nje, kisha akafuta ubao ingawa haukuwa na kitu.

Siku zile likaja tangazo kwamba mkaguzi atakuja kuchagua wasichana wa kupelekwa shule ya bweni mjini. Kila mtoto angesimama na kujieleza kwa Kiingereza: nilizaliwa wapi, nilizaliwa na nani, nililelewa na nani. Tukaanza mazoezi. Zamu ya Sumina ilipofika alisimama, kauri zikalia, akasema:

"Nilizaliwa..."

"Na nani?" mwalimu akauliza, kidole mbele.

"Aliokotwa huyo, mwalimu!" tukadakia kwa kicheko. "Hana mwenyewe! Alinunuliwa!"

Kwetu tulikuwa tunamlinda. Bwana Ashong hakulijua hilo, akatuchapa sote viganjani, na jioni ileile, jua halijazama, akaenda kwa Fofie. Nami nilitumwa pale na mama yangu kuazima mchi, nikasikia yote.

"Bibi Fofie," alisema mwalimu, "mtoto huyu ndiye bora darasani. Lakini mkaguzi hatamchukua mtoto anayesema hakuzaliwa na mtu. Atadhani hana akili."

"Na kweli hana," Fofie akajibu haraka. "Ni takataka tu hilo, Mwalimu. Usijichoshe nalo."

Alisema hivyo huku anampakulia Sumina kipande kikubwa cha samaki.

Nana Dufie, mkunga wetu, alikuwa amekaa pale akimenya magimbi. Ndiye aliyewapokea watoto wote wa Fofie, na ndiye aliyewatia kwenye vyungu. Akamweleza mwalimu kwa upole habari nzima ya mtoto kufichwa wenzake, na mwalimu akasikiliza akiwa amekunja mikono, kama mtu anayesubiri mvua ipite.

"Basi mtoto atabaki hapa," akasema, "azoe jalala kweli."

Fofie akafunika sufuria. Kisha akamgeukia mkunga. "Nana, huko waliko, Kizungu wanakijua?"

Nana Dufie akacheka mpaka gimbi likamponyoka. "Watakijulia wapi, mwanangu? Wameondoka hawajui hata kusema maji!"

"Kwa hiyo akilitaja jina langu kwa Kizungu..."

"Ni kama kalitaja mbwa. Hakuna atakayeelewa."

Ndivyo walivyokata shauri. Nikimkumbuka Fofie usoni jioni ile, sidhani alikuwa akiwaza mkaguzi. Alikuwa na hamu. Maisha yake yote ya uzazi hakuwahi kusikia kiumbe kikisema kimetoka kwake.

Kesho yake alikuja shuleni na sinia la karanga kichwani, akajifanya anauza, akasimama mlangoni. Nje kulikuwa na ukungu wa vumbi, jua limekuwa jeupe kama sahani, na mikakao haionekani. Mwalimu akamwita Sumina. Sumina akamtazama mama yake, akanyoosha kidole mbele, akasema kwa Kiingereza kilichonyooka:

"Nilizaliwa Dwenase. Nilizaliwa na Fofie."

Fofie hakuelewa ila jina lake. Akatabasamu, akauma mdomo ili tabasamu lisionekane. "Mwalimu," akasema, "hilo la mwisho hajalisema vizuri. Arudie."

Akarudia. Sisi tukangoja mwangwi. Haukuja mwingi kama siku zote. Zilikuja sauti chache tu, polepole, moja moja, kutoka chini ya dirisha langu. Hazikusema Dwenase.

"Nilizaliwa na Fofie," ikasema ya kwanza.

"Nilizaliwa na Fofie," ikasema nyingine.

Na nyingine, na nyingine. Fofie pale mlangoni alidhani tunampamba kwa jina lake. Alitugawia karanga bure.

Wiki ile haikuisha Sumina akalala. Haikuwa homa wala kutapika. Ilikuwa baridi iliyoanzia nyayoni na kupanda. Alikataa chakula, akalala chali, viganja vimeangalia chini. Mara mkono mmoja unavutwa kifuani, mara kidole kinanyooka kuelekea mlangoni. Alikuwa akiongea bila kukoma, kwa Kiingereza tu. Akiulizwa kwa lugha yetu, aliangalia mdomo wa anayeuliza kama mtu aliyefika nchi ya watu.

Nana Dufie alikuja na mayai na kinywaji, akawamwagia wale wadogo pale jalalani, akawasihi na kuwatukana kwa lugha yetu, kama walivyofanya bibi zake. Baridi ikapanda mpaka magotini. Ndipo akaniita mimi.

"Wewe Serwaa, unasoma naye. Huyu anasema nini?"

Nikapiga magoti kwenye mkeka. "Anasema ameitwa na wenzake, Nana. Anasema amewekewa nafasi."

"Wapi?"

Nikasikiliza tena. "Kati ya wa pili na wa tatu."

Fofie aliyekuwa amemshika miguu akaacha kusugua.

"Wenzake hao," Nana Dufie akauliza taratibu, "wanamwita kwa lugha gani?"

"Anawajibu kwa Kiingereza, Nana."

"Nani kawafundisha?"

Nilimshika mkono nikampeleka shuleni. Ilikuwa saa ya mapumziko, watoto wamekwenda kula, na Fofie alitufuata bila khanga ya kichwani. Nikawaonyesha ukuta kwa nje, chini ya dirisha langu. Vumbi la upepo lilikuwa limeupaka ukuta wote weupe, ila chini kabisa, karibu na msingi, kulikuwa na alama za viganja. Vidogo, kama vya mtoto anayenyonya, vimepangana safu kwa safu kama sisi madawatini. Vingine vilikuwa ngumi. Vingine kidole kimoja tu.

Nana Dufie akakaa chini pale pale, mtu mzima yule, kwenye vumbi. "Miaka yote hii," akasema, "mmewasomesha."

Bwana Ashong akatokea na kipande chake cha kenkey ya mahindi mkononi. "Hayo ni ya nyani, bibi."

"Nyani wa wapi asiye na kucha? Waulize mwenyewe."

"Nimuulize nani?"

"Wanafunzi wako."

Mwalimu akatucheka. Kisha, nadhani ili atukomeshe, akainama kwenye dirisha, akapaza ile sauti yake ya darasani: "Mtungi uliwekwa!"

Upepo ulikuwa umetulia.

"Chini," ukuta ukajibu, kwa kitembe.

Kenkey ilimdondoka. Hakuuliza tena, lakini wao waliendelea, wote kwa pamoja, kama darasa lililozoeshwa vizuri, wakitunga ya kwao: "Sisi tuliwekwa mtungini. Sisi tulifunikwa kwa udongo."

Mwalimu alinigeukia. "Wanasema mtungi. Mtungi gani?" Mpaka siku ile hakuna aliyewahi kumweleza mtu wa pwani tunavyozika wachanga. Nana Dufie akamweleza. Mwalimu akavua kofia.

"Nilichosema kwa lugha yetu hakikuwafikia," mkunga akasema, "kwa sababu hawaijui. Hiyo yako ndiyo lugha pekee waliyowahi kusema. Kwa hiyo mama mtu atamkana mtoto kwa hiyo hiyo, na mbele yao. Mfundishe."

Basi Fofie akakaa kwenye dawati letu dogo, magoti yamegusa kidevu. Mwalimu akamtungia maneno: huyu hakuzaliwa nami, aliokotwa jalalani, alinunuliwa kwa kauri. Ulimi wake haukuwa mzito hata kidogo, alishika upesi kuliko sisi. Lakini alikataa kusema neno kabla ya kuambiwa maana yake.

"Sema tu, bibi," mwalimu alimsihi. "Maana nitakuambia baadaye."

"Hapana. Nieleze lipi ni lipi. Nimeshaponzwa na maneno nisiyoyajua."

Akaelezwa. Lipi ni la kuzaliwa, lipi ndilo la kukana, lipi ni yeye mwenyewe. Alipofika hapo alilala na uso mezani kwa muda, tukawa tunaangalia mgongo wake.

Asubuhi iliyofuata Sumina alibebwa mpaka darasani, akalazwa kwenye mkeka nyuma ya madawati. Baridi ilikuwa imefika kiunoni. Macho yake yalikuwa wazi, yanaangalia dirisha langu. Tulikaa wote, tumenyooka, hakuna aliyekohoa. Nana Dufie alikaa mlangoni. Fofie akasimama mbele, akaelekea jalalani, mgongo kwa mwanawe.

"Huyu," akasema kwa Kiingereza, "hakuzaliwa nami."

Mwalimu akanyanyua fimbo yake ya kuongozea, nasi tukarudia, vidole mbele. Nje kimya.

"Aliokotwa jalalani."

Tukarudia, viganja chini.

"Alinunuliwa kwa kauri."

Ngumi juu. Kisha tukangoja. Nilisikia bati likilia kwa jua. Nilisikia Sumina anavyovuta pumzi, kwa mbali mbali. Mwalimu alibaki na fimbo hewani, kwa sababu tangu waanze kusoma hawakuwahi kuacha kurudia lolote alilowaongoza.

Na wakarudia. Walianza wachache, halafu wote, wa Fofie na wasio wa Fofie, wachanga wa kijiji kizima tangu zamani. Huyu hakuzaliwa nami. Aliokotwa jalalani. Alinunuliwa kwa kauri. Walisema kwa utii kabisa, bila kukosea kijineno hata kimoja. Nana Dufie akafumba macho, akashusha pumzi.

Lakini sauti moja haikunyamaza na wenzake. Ilikuwa chini kabisa ya dirisha langu, ningeweza kuinama nikaigusa.

"Na mimi?" ikauliza. "Nilizaliwa na nani?"

"Na mimi?" ikauliza nyingine. "Nilizaliwa na nani?"

"Wanasema nini?" Nana Dufie akaropoka. "Serwaa! Wanasema nini hao?"

Nikamwambia.

"Fofie, usijibu. Umesikia? Umekwisha kupata ulichotaka. Toka hapo, twende zetu."

Fofie hakutoka. Alikuwa amekamata kingo za dirisha kwa mikono miwili, anaangalia chini kwenye lile vumbi. Alikuwa ameshaelezwa lipi ni lipi. Akaliondoa lile neno la kukana, akayapanga yaliyobaki mwenyewe, pole pole, hakuna mwalimu wala mtoto aliyemwongoza.

"Ninyi mlizaliwa nami," akasema.

Mwalimu alitunyamazisha kwa mkono, tusirudie. Nje pia hakuna aliyerudia. Kulisikika tu kama kitu kidogo kinajisogeza kwenye ukuta, kwa nje, kikijibana pale chini ya mikono yake, kisha kingine, kisha kingine.

Ndipo nyuma yetu, kwa lugha yetu, kwa sauti ya kawaida kabisa ya mtoto aliyeamka, Sumina akasema: "Nina kiu. Mama, nipe maji."

Darasa zima tuligeuka. Mabega ya Fofie yalishtuka, ila miguu haikutoka pale iliposimama. Aliendelea kuangalia dirishani.

"Serwaa," akaniambia bila kugeuka, "mpe maji mtoto wa watu."

Nikaenda nikachota.